Nyumba za Juu na Nyumba za Chini

Jumapili moja mwezi uliopita nilitoka kwangu Area 25, mjini Lilongwe, nikapanda basi dogo kwenda Dzaleka kuwaamkia walimu wangu wa zamani. Nilipofika niliwakuta wanafunzi wanne wameketi chini ya mti wakibishana kwa sauti kubwa. Wazazi wa mmoja walitoka Bukavu, wa pili Bujumbura, wa tatu Kigali, na wa nne, msichana, alizaliwa Blantyre. Ubishi wao ulikuwa huu: mji wa nani una nyumba zilizo juu kuliko za wengine? Waliponiona wakasema, "Kaka, wewe umetembea. Tuamulie."

Nami, kwa kupenda kuonekana mjuzi, nikajibu upesi kwamba shindano hilo lina maana kubwa, kwa kuwa kila mahali duniani anayekaa juu ndiye mwenye fedha. Yeye huvuta upepo safi na kuwatazama wenzake chini. Yule msichana wa Blantyre akaniuliza kwa adabu, "Kama ndivyo, kaka, mbona kwetu Ndirande wanaokaa juu mlimani ndio wanaonunua maji kwa ndoo?" Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikasoma na kufikiri, na haya ninayoyaandika katika ukurasa wetu wa Kiswahili ndiyo jibu nililokuwa na deni nalo.

Kwanza tumalize ubishi. Kimo cha mahali hupimwa tangu usawa wa bahari. Ziwa Malawi halifiki mita 500. Bujumbura na Uvira, miji iliyo kando ya Ziwa Tanganyika, huanzia mita 770 hivi. Blantyre na Lilongwe ziko karibu sawa, kiasi cha mita 1,050. Kampala ni kama 1,200, Bukavu 1,500, Kigali zaidi kidogo ya hapo, na Nairobi karibu 1,700. Addis Ababa inazipita zote hizo kwa mita 2,350. Basi kati ya wale wanne mshindi ni kijana wa Kigali, ingawa wa Bukavu hakuachwa mbali.

Na mimi wa Area 25 je? Wageni wengine hudhani namba za mitaa ya Lilongwe hupanda kama ngazi, kumbe namba hizo zilifuata mpango wa kuanzishwa kwa mitaa, wala hazina habari ya mlima. Mji wetu umekaa juu ya uwanda, na ardhi huinuka polepole ukielekea kaskazini, hata uwanja wa ndege wa Lumbadzi uko mita 1,230. Area 25 iko njiani kati ya mji na Lumbadzi, kwa hiyo kwangu ni mahali fulani katikati ya vimo hivyo viwili.

Yafaa tujue kwamba jambo hili laweza kupimwa jikoni. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Sentigredi. Kadiri tunavyopanda, hewa iliyo juu yetu hupungua uzito, na maji huchemka mapema: kila mita 300 hupunguza uzi mmoja hivi. Lilongwe maji huchemka kati ya nyuzi 96 na 97, Bukavu 95, Addis Ababa 92. Watu husema, "Yamechemka," wakidhani moto ni ule ule, lakini maharage yanajua tofauti. Maharage yaliyoiva upesi Bujumbura yatakawia zaidi Bukavu, na kukawia huko ni makaa, na makaa ni fedha. Mwenye kipimajoto katika maabara ya shule na ajaribu.

Kupanda kuna faida yake pia. Kila mita 1,000 hupunguza joto la hewa kwa nyuzi kama sita, na mbu waletao malaria hawapendi baridi. Mwaka 1897 daktari Ronald Ross alivumbua kwamba mbu ndiye abebaye vijidudu vya malaria. Miaka michache baadaye, mwaka 1904, serikali ya Waingereza huko Freetown, Sierra Leone, iliwajengea maofisa wake wa Kizungu nyumba juu ya kilima palipoitwa Hill Station, na ikajenga reli ya kuwapandisha na kuwashusha. Mwaka ule ule huko Hong Kong ilitungwa sheria ya kuwazuia Wachina wasikae katika mtaa wa kilele cha mlima, isipokuwa watumishi. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1946. Kampala nako, vilima vya Kololo na Nakasero vilikuwa vya wakubwa, na maji ya mvua yakateremkia kwa watu wa bondeni kama Bwaise. Hiyo ndiyo miji niliyokuwa nayo kichwani nilipotoa jibu langu la haraka.

Sasa tazama upande wa pili. Huko Bolivia, Amerika ya Kusini, mji wa La Paz umo ndani ya bonde, na juu yake kwenye ukingo umeota mji mwingine, El Alto, karibu mita 4,150 tangu usawa wa bahari. Matajiri wa La Paz hawakupanda. Walishuka kusini bondeni, penye joto kidogo na hewa nzito, na El Alto ikajazwa na watu waliotoka mashambani kutafuta kazi. Tangu mwaka 2014 watu wengi wa El Alto hushuka mjini kwa vigari vinavyoning'inia kwenye nyaya za chuma. Huko Peru kuna mji wa wachimba dhahabu, La Rinconada, ulio juu ya mita 5,000. Hakuna mji wa watu ulio juu kuliko huo, na wakazi wake wanaishi katika dhiki kubwa, hawana mabomba ya maji safi wala ya maji machafu.

Hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Bukavu majumba mazuri yako chini, kwenye rasi zinazoingia Ziwa Kivu, na huko juu Kadutu nyumba zimebanana mlimani ambapo udongo huporomoka. Hata mfalme aliwahi kushuka. Menelik wa Ethiopia alikuwa na makao yake juu ya mlima wa Entoto, karibu mita 3,000, penye baridi na uhaba wa kuni. Kuanzia mwaka 1886 yeye na mkewe Taytu waliteremka kwenye chemchemi za maji ya moto za Filwoha, na hapo ndipo Addis Ababa ilipozaliwa.

Basi mbona juu ni kwa tajiri Hong Kong, na kwa maskini Ndirande? Wahenga walijibu zamani: maji hayapandi mlima. Maji ya bomba huteremka kwa uzito wake yenyewe kutoka tangi lililowekwa mahali pa juu. Nyumba iliyo chini ya tangi kwa mita kumi hupata msukumo kiasi, na iliyo chini kwa mita 30 hupata maji yanayoruka. Iliyo sawa na tangi au juu yake haipati kitu, labda isukumiwe kwa mashine. Blantyre yenyewe hupandishiwa maji kutoka Walkers Ferry, kwenye mto Shire, kiasi cha mita 800 chini ya mji. Nilipiga hesabu tuliyofundishwa darasani: kuinua lita 1,000 mita 800 kunahitaji zaidi ya yuniti 2 za umeme, hata kama mashine haipotezi chochote. Ndiyo sababu bomba huishia pale fedha inapoishia. Kutoka hapo maji hupanda juu ya kichwa cha mwanamke, kilo 20 katika kila ndoo ya lita 20.

Kwa hiyo nimeona kwamba nyumba ina vimo viwili. Cha kwanza ni kimo tangu baharini, ambacho wale wanafunzi walikuwa wakikibishania. Cha pili ni kimo tangu bomba na barabara, nacho ndicho kiletacho raha au taabu. Tajiri wa kileleni amepandishiwa bomba na barabara, hivyo kimo chake cha pili ni sifuri. Maskini wa mlimani amepanda peke yake.

Liko na jambo la tatu, ambalo ni zito kuliko maji ya kunywa. Mwaka 2022 nilitaka kuhamia Blantyre kwa kazi. Nikaonyeshwa nyumba ya kupanga mlimani, kodi ndogo, upepo mwanana, na usiku taa za mji zote ziko chini yako. Niliipenda sana. Shangazi yangu alipanda nami kuitazama. Alipofika mlangoni alikaa juu ya jiwe akihema, kisha akauliza mambo mawili tu: "Maji yako wapi? Na miti ya mlima huu imekwenda wapi?" Sikuichukua nyumba ile, nikabaki Lilongwe, nami nilimnung'unikia moyoni.

Machi 2023 kimbunga Freddy kilifika kusini mwa Malawi. Mvua ya miezi mingi ilinyesha kwa siku chache. Milima ya Blantyre ilikuwa imekatwa miti kwa kuni na makaa, na miteremko imechimbwa ili kupata viwanja. Udongo ulishiba maji, ukateleza juu ya mwamba, ukashuka pamoja na mawe. Chilobwe, chini ya mlima wa Soche, nyumba zilifunikwa usiku watu wakiwa wamelala. Katika nchi nzima walikufa watu zaidi ya 600, na mamia wengine hawakuonekana tena. Msiba huo haukuchagua wa juu na wa chini: wa juu walipoteza ardhi waliyosimama, na wa chini wakaangukiwa nayo. Vivyo hivyo ndivyo ilivyokuwa Phalombe, chini ya mlima, Machi 1991.

Nawaandikia hasa wanafunzi wenzangu wa zamani, kwani wengi wetu sasa tunatafuta vyumba mijini, na wengine wamehamishiwa nchi za mbali zenye milima yake. Kabla ya kulipa kodi ya mwezi wa kwanza, tazama tangi la maji liko juu ya nyumba au chini yake. Tazama kama mlima una miti, na kama nyumba imekaa katika njia ambayo maji ya mvua yaliwahi kupita. Tazama kuta na miti ya jirani: mti ulioinama kuelekea bondeni na ufa mpya ardhini ni dalili kwamba udongo unatembea. Uliza wazee wa mtaa mvua kubwa ya mwisho ilipita wapi. Maswali haya hayagharimu hata tambala moja.

Dzaleka, ambako tulisoma, palikuwa gereza kabla ya kufunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Hakuna aliyechagua kiwanja chake hapo kwa mandhari, nasi tulipima mbali na karibu kwa hatua za kwenda kisimani na urefu wa foleni ya ndoo. Nilikuwa nimekisahau kipimo hicho tangu nipate bomba uani kwangu, hata nikakumbushwa na mtoto wa shule. Dada wa Ndirande, swali lako lilikuwa sawa, na jibu langu ndilo lililokuwa na kosa. Nikija tena nitaleta kipimajoto, tuchemshe maji pamoja.