Dawa Katika Begi la Anayehamia Dubai

Anayejiandaa kuhamia Dubai kwa kazi hupewa na jamaa ushauri mwingi kuhusu mizigo: unga, dagaa, viungo, kanga. Ni nadra kuulizwa juu ya dawa. Hata hivyo, kwa mwenye kisukari, shinikizo la damu, pumu au kifafa, begi dogo la dawa ndilo linaloamua iwapo wiki za mwanzo ugenini zitapita salama. Nguo iliyosahaulika hununuliwa kesho yake, lakini dawa ya kifafa ikikatizwa ghafla, degedege huweza kumrudia mgonjwa kabla hajaijua njia ya hospitali.

Sheria ya Dubai Na. 11 ya mwaka 2013 inamtaka mwajiri amkatie mfanyakazi wake bima ya afya. Lakini taratibu za ukaazi huchukua muda, na baadhi ya mikataba ya bima huweka kipindi cha kusubiri kwa maradhi aliyokuja nayo mtu. Kwa hiyo msafiri achukue dozi za kutosha kipindi hicho cha mpito, kwa kiasi kinachoruhusiwa, na auulize mkataba wake mapema.

Si kila dawa inayotolewa nyumbani huingia huko bila kibali. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, tramadoli, kodeini na dawa kadhaa za usingizi na za kutuliza wasiwasi hudhibitiwa vikali. Anayezitumia hutakiwa kuomba kibali cha mamlaka husika ya huko kabla ya safari; akizibeba bila kibali aweza kuzuiliwa uwanja wa ndege na hata kushtakiwa. Hofu hiyo isimfanye mgonjwa aache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Amweleze daktari, ambaye aweza kumwandikia barua au kumpangia dawa nyingine kwa utaratibu. Vilevile, asikubali kubeba vidonge au unga wa mitishamba wa mtu mwingine, hata awe mjomba wake.

Dawa zibaki katika pakiti zake za awali, zikiambatana na barua ya daktari kwa Kiingereza. Barua itaje ugonjwa, jina la kitaalamu la dawa, nguvu yake na kipimo, kwa kuwa jina la kibiashara huweza kubadilika nchi hadi nchi. Saa za kumeza ziandikwe kwa hesabu ya kimataifa: saa 2 usiku ya Mswahili ni saa 8 kwa mfamasia wa Dubai.

Mwenye kisukari ana tahadhari zaidi. Aliyezoea sukari kupimwa kwa mmol/L huenda akakuta mashine za huko zikisoma kwa mg/dL, ambapo 7 huwa 126, yaani mara 18. Asiyejua hilo aweza kudhani sukari imepanda mno, akaongeza insulini na kuzimia kwa upungufu wa sukari. Insulini yenyewe isafiri katika begi la mkononi, kwani chini ya ndege yaweza kuganda, na ikishaganda haifai tena. Ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Isiachwe ndani ya gari, maana kiangazi cha Dubai hupita nyuzi 40.

Mengi kati ya haya hayamo katika uwezo wa mgonjwa peke yake. Mhudumu wa afya anayesikia kwamba mgonjwa wake anasafiri asiishie kumtakia heri. Amwandikie barua, azipitie naye dawa moja baada ya nyingine, amfundishe kusoma kipimo kipya, na amwulize swali moja la mwisho: zikiisha hizi, utazipata wapi nyingine? Asiye na jibu la swali hilo hajamaliza kufunga mizigo.