Daftari la Walimu

Kabla ya mwaka 1967, walimu wa Kenya waliajiriwa na misheni, halmashauri za wilaya au Serikali yenyewe. Mwaka huo Bunge liliunda Tume ya Huduma za Walimu, yaani TSC, iwe mwajiri mmoja wa walimu wa shule za umma. Sheria ya mwaka 2012 yakataza mtu yeyote asiyeandikishwa na Tume kufundisha, hata katika shule ya binafsi. Mwombaji hupeleka vyeti vyake vya masomo na hati ya polisi ya mwenendo mwema. Mwalimu atiwaye hatiani kwa kumnajisi mwanafunzi, jina lake hufutwa daftarini. Basi yafaa kila mzazi aulize shuleni: Je, mwalimu wa mtoto wangu anayo nambari ya TSC?