Namba Isiyokaa Dukani

Sogeeni, wajukuu zangu, niwasimulie safari ya namba.

Tuseme mama mmoja, mkulima wa tangawizi, ameteremka kutoka Mamba Miamba hadi Same mjini. Mzigo umeuzwa, fedha zimeingia benki, sasa anataka mabati. Mwenye duka anamsogezea mashine ya posi. Mama anachomeka kadi, anabonyeza namba ya siri, na kabla hajaurudisha mkoba kwapani risiti imeshatoka. Katika sekunde hizo chache namba ya kadi yake imeruka kwa laini ya simu hadi mnarani, imefika kwenye kompyuta za benki Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400 kwa barabara, na jibu limerudi. Basi lililoondoka stendi wakati huo huo halijafika hata Makanya.

Wezi huivizia wapi namba hiyo? Wengi hudhani ni huko hewani. Lakini wizi mkubwa ulifanyika pale pale dukani. Mwaka 2013, huko Marekani, wezi walipenyeza programu yao kwenye mashine za malipo za maduka ya Target. Kila kadi ilipopita, namba yake ilikaa kidogo, kufumba na kufumbua, kwenye kumbukumbu ya kompyuta ikiwa bado wazi. Programu ile ikainyakua. Namba za kadi milioni 40 zilikwenda hivyo.

Ndipo watu wa malipo walipozidi kukaza utaratibu huu: namba isimbwe ndani ya kifaa kile kile kilichopokea kadi, na isisimbuliwe mpaka ifike kwa anayechakata malipo. Hapo katikati asiione mtu. Si mwenye duka, si kompyuta yake, si kampuni ya simu.

Kusimba kwenyewe kukoje? Chukueni kalamu. Tuseme namba ni 4826 na ufunguo ni 7593. Jumlisheni tarakimu kwa tarakimu, na jibu likizidi 9 mwache ile 1 ya makumi. Nne na saba ni kumi na moja, andikeni 1. Nane na tano, andikeni 3. Mbili na tisa, andikeni 1. Sita na tatu, 9. Kinachosafiri ni 1319. Mwizi akikidaka, ana nini? Kwake namba ya kweli inaweza kuwa yoyote kati ya 0000 na 9999. Mwenye ufunguo anatoa tarakimu kwa tarakimu, akiazima kumi inapobidi, na 4826 inarudi.

Sasa mama amekumbuka misumari, analipa tena kwa kadi ile ile. Safari hii ufunguo ni 2068. Fanyeni hesabu: inatoka 6884. Kadi moja, duka moja, lakini anayechungulia njiani hawezi kujua kwamba ni mtu yule yule. Mashine zenye utaratibu huu hubadilisha ufunguo kwa kila malipo, na uliokwisha kutumika hufutwa. Pamoja na namba iliyosimbwa, mashine hupeleka utambulisho wake na hesabu ya muamala: huu ni wa ngapi. Huko mbali kuna kifaa maalumu kinachotunza ufunguo mama. Kwa vitu hivyo viwili, kinatengeneza upya ufunguo wa muamala ule tu. Kwa hiyo ufunguo wenyewe haupiti njiani kabisa, na hapa ndipo mimi huvutiwa zaidi.

Mashine za kweli hukoroga zaidi kuliko tulivyofanya sisi. Njia moja inayotumika sana iliitwa AES pale Marekani ilipoipitisha mwaka 2001. Waliibuni Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen. Hata funguo zake fupi kabisa ni nyingi kiasi kwamba idadi yake huandikwa kwa tarakimu 39.

Na hapa nawakumbuka Washana wa Ugweno, upande wa kaskazini wa milima yetu ya Upare. Walikuwa wahunzi, na ujuzi wa kufua chuma waliutunza ndani ya ukoo. Wasimbaji wa leo wameshika njia nyingine. Ujuzi wao umechapishwa, mwanafunzi yeyote hapa Same anaweza kuusoma hatua kwa hatua. Kinachofichwa ni ufunguo tu. Naona wamefanya vyema, maana njia iliyojaribiwa hadharani na mahodari wa dunia nzima ikashindikana kuvunjwa, naiamini kuliko ile ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuichungulia.

Je, mwizi akiibeba mashine yenyewe usiku, akapanda nayo hadi Vudee na bisibisi mfukoni? Ndani mna vihisi vinavyosikia kifuniko kikifunguliwa, na papo hapo funguo zote hujifuta. Namba ya mama haimo, maana haikuhifadhiwa. Hata angepata ufunguo wa malipo yajayo, usingeweza kumrudisha kwenye yale yaliyopita. Atakachobaki nacho ni plastiki na betri. Naye mwenye duka ataripoti benki, mashine ile ifungiwe, aletewe nyingine yenye funguo mpya.