Bukavu: Mtaalamu wa viungo anayeanza kazi nyumba kwa nyumba

Mjini Bukavu, jimboni Kivu Kusini, mgonjwa aliyepooza upande mmoja hawezi kushuka vilima vya Kadutu kila siku kutafuta matibabu. Kwa hiyo kineziterapia humfuata nyumbani.

Anayeanza kazi hii hahitaji chumba: mkeka, mpira na mashine ya kupima tansio, inayopimwa kabla ya zoezi, vinatosha. Lakini asianze bila diploma wala karatasi ya daktari. Bei na pesa ya pikipiki wapatane mapema na familia.

Muda ni mfupi. Miezi ya kwanza baada ya kiharusi ndiyo yenye faida zaidi; mkono ukiachwa, hukakamaa. Ndiyo maana ndugu nao hufundishwa mazoezi: mtaalamu huondoka, wao hubaki.