Mwiba wa Ebola: namna gani virusi inafungua mulango



Siku moja katika somo la biolozhi, mwenzetu mumoja alitoa ulizo hili: « Mutu akichanjwa juu ya Ebola, si wanamuingizia Ebola yenyewe? » Wengi walicheka. Lakini ulizo ni la maana. Mashariki ya inchi yetu, tangu 2018 hata 2020, walihesabu wagonjwa 3.470, na 2.287 walikufa. Kuko waliokataa sindano juu ya woga huu. Basi tuangalie vizuri.

Virusi ya Ebola, iliyojulikana mara ya kwanza Yambuku katika 1976, haiwezi kuzaa peke yake. Lazima iingie ndani ya seli ya mwili na kuitumikisha. Chombo cha kuingilia njo mwiba. Miiba imejaa juu ya ngozi ya virusi. Kila mumoja ni proteini yenye kufunikwa na sukari, inaitwa GP. Iko na vipande vitatu vyenye kufanana, vimesimama pamoja kama mafiga. Kila kipande kiko na sehemu mbili: GP1 juu, kazi yake kushika, GP2 chini, kazi yake kuunganisha. Ile sukari inaficha mwiba, askari wa mwili wasiuone vizuri.

Fikiri mwizi aliyejificha ndani ya gunia la makala. Mwenye nyumba mwenyewe analibeba na kuliingiza ndani. Ni vile vile: GP1 inajishikiza kwa seli, na seli inameza virusi ndani ya kifuko kidogo. Lakini mwizi angali ndani ya gunia. Humo kuko enzimi za seli, ni kama makasi ya kukatakata vitu vilivyomezwa. Zinakata kifuniko cha sukari, na meno ya ufunguo yanaonekana. Meno yale yanaingia katika kufuli inayoitwa NPC1, ambayo kazi yake ya kila siku ni kupitisha mafuta. Kiisha GP2 inajichoma kama mukuki katika ngozi ya kifuko, inavuta ngozi mbili mpaka zinakuwa moja. Mulango umefunguka.

Sasa turudi kwa ulizo. Wataalamu walichukua virusi ingine, ile inayoletea ngombe na farasi vidonda vya mudomo. Wakaondoa mwiba wake, wakaweka ule wa Ebola. Ebola iko na jeni saba. Katika chanjo kuko moja tu, ile ya mwiba. Ni kama kuonyesha walinzi kofia ya mwizi: mwizi mwenyewe hayuko. Mutu anaweza kupata homa na maumivu ya viungo siku chache, lakini ile si Ebola. Ni walinzi wanajifunza.

Hata dawa imetoka kwa mwiba. Katika damu ya mutu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995 walipata askari anayeziba meno ya ufunguo. Dawa ile, mAb114, ilijaribiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina katika 2018 na 2019. Profesa Muyembe, aliyefika Yambuku katika 1976, alikuwa katika kazi hiyo. Iliokoa wengi, zaidi wale waliofika mapema kwa waganga.

Lakini tusijidanganye. Chanjo hii inafundisha mwiba mumoja tu, ule wa Ebola ya aina ya Zaïre. Aina ya Bundibugyo, iliyotokea Isiro katika 2012, iko na mwiba mwingine. Kwa hiyo kunawa mikono na kutogusa maiti hakujaisha kazi.

Basi mwenzetu, jibu njo hili: hapana, chanjo haiingizi Ebola. Inaonyesha mwili ufunguo wa mwizi mbele mwizi hajafika. Ukirudi nyumbani wakati wa vakanse, waelezee na wazee, kwa upole.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano, Biolozhi-Kemia