Ikulu za nyasi na ikulu ya matofali

Ikulu ya Nonsuch ilikuwa fahari ya Mfalme Henry VIII wa Uingereza. Alianza kuijenga mwaka 1538, na ili apate uwanja alifuta kijiji kizima cha Cuddington, kanisa likiwemo. Miaka zaidi ya mia moja baadaye Charles II aliitoa zawadi kwa hawara wake, Barbara Villiers. Madeni ya kamari yalipomfika kooni, mama huyo akaibomoa na kuuza vifaa vyake. Msingi wake ulifukuliwa mwaka 1959 na Martin Biddle.

Miaka hiyohiyo Merrick Posnansky wa Makumbusho ya Uganda alikuwa akichimba kwingine: Bweyorere, katika Isingiro, kusini mwa Mbarara. Hapo palikuwa makao ya wafalme wa Nkore, na masimulizi ya Wanyankore yanasema walipahama na kuparudia. Posnansky hakukuta marumaru wala sanamu. Alikuta vigae, samadi na mifupa ya ng'ombe kwa wingi, kama inavyostahili ufalme uliohesabu utajiri wake kwa pembe.

Isingiro ya leo inajulikana zaidi kwa makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Mkimbizi anayepanda bodaboda kutoka kanda zake za Base Camp, Juru au Rubondo kwenda Mbarara kutafuta bidhaa anakatiza katikati ya kitovu cha Nkore ya kale, na sidhani kama kuna anayemwambia.

Mkimbizi huyo hana kosa. Ikulu ya Nkore, orurembo, haikujengwa idumu. Ilikuwa boma kubwa la miti na nyasi, nyumba za mfalme, wake na watumishi wake zikizunguka zizi. Omugabe, yaani mfalme, akifa, mrithi alijenga kwingine. Malisho yakiisha au maradhi yakiingia, watu walihama. Enzi yenyewe ilikaa katika ngoma, Bagyendanwa, iliyokuwa na kibanda chake, ng'ombe wake na maziwa yake ya kila siku. Boma likioza, hakuna aliyelia, ngoma ilikuwepo.

Kisha wakaja Waingereza. Nchi ilikuwa imedhoofika kwa sotoka na ndui, na Ntare V alifariki mwaka 1895. Kahaya II aliyemfuata, pamoja na waziri wake mkuu Nuwa Mbaguta, aliingia katika mkataba wa mwaka 1901, na ufalme uliozoea kuhamahama ukafungwa mahali pamoja: Mbarara, penye ofisi ya mkoloni. Ndipo kilima cha Kamukuzi kikapata ikulu ya kudumu. Kahaya alitawala hadi 1944, akafuatiwa na Gasyonga II. Wote wawili wamezikwa Nkokonjeru, pale pale Mbarara.

Naona hapo ndipo Ankole, kama Nkore ilivyokuja kuitwa, ilipopoteza kinga yake. Boma la nyasi adui angelichoma leo na likajengwa tena kilima cha pili. Jumba la matofali lina anwani. Rais Milton Obote alipofuta falme zote mwaka 1967, serikali ilijua mlango wa kubisha, kama jeshi lilivyoujua mlango wa Mengo, ikulu ya Buganda, mwaka mmoja kabla, Kabaka Muteesa II alipokimbilia uhamishoni hadi kifo chake London mwaka 1969.

Buganda ilirudishiwa ufalme wake mwaka 1993. Ankole haikurudishiwa. John Barigye, mwana wa Gasyonga, alitawazwa Novemba mwaka huohuo na serikali ikakataa kumtambua. Akafa mwaka 2011 bila kiti. Usisingizie Kampala peke yake, ingawa Rais Museveni mwenyewe ni mtu wa Ankole. Wanyankore wengi, hasa Bairu, yaani wakulima, waliona kurudisha Omugabe ni kurudisha ubwana wa Bahima, yaani wafugaji. Katiba ya 1995 inataka matakwa ya watu wenyewe, na watu hawakuwa na sauti moja. Jumba la Kamukuzi limechakaa huku wenyewe wakibishana.

Nakivale nayo ilianza na mfalme aliyepoteza ikulu. Wakazi wake wa kwanza walikuwa Watutsi waliokimbia Rwanda baada ya machafuko ya 1959, raia wa Kigeli V, aliyeng'olewa mwaka 1961. Yeye aliishia Marekani, akafariki 2016, na mwili wake ukarudishwa kuzikwa Mwima, Nyanza, karibu na ikulu aliyoiacha. Rwanda haikurudisha ufalme, lakini ikulu ya Nyanza imeigeuza makumbusho, na boma la nyasi la zamani limejengwa upya watoto waingie walione. Hilo Kamukuzi inaliweza bila kumtawaza mtu yeyote.

Vilima vya Isingiro havina matofali ya kukarabati. Kwa hiyo, msomaji mwenye babu au bibi huko, muulize ni kilima kipi kilikuwa na orurembo, cha mfalme yupi, na uandike jina la kilima hicho wikiendi hii.