Meli zilizolala chini ya bahari

Kwa jamaa zetu wa Sola, maji mengi ni yale ya bwawa la New Sola, ambamo hamna papa wala matumbawe. Hata hivyo wapo vijana wa huku wanaoteremka pwani kutafuta riziki, na baadhi yao huangukia kazi ya kuzamia. Ndiyo sababu ukurasa huu wa familia, ulio mbali na bahari, leo umeona vema kuizungumzia.

Mbele ya Mji Mkongwe wa Unguja, mwendo mfupi kwa mashua, yamelala mabaki ya Great Northern, meli ya Waingereza ya kulaza nyaya za simu, iliyopanda mwamba mwaka 1902. Kina chake si kirefu, kama mita 12 hivi, na jua hufika mpaka chini. Vyuma vyake vimevikwa matumbawe. Chewa na changu wamefanya humo makazi, na mkunga hutoa kichwa tunduni kama mwenye nyumba aliyesikia hodi.

Tumbawe si jiwe, wala si mmea. Ni jamii ya viumbe vidogo mno wanaojijengea nyumba za chokaa, na ndani ya miili yao huishi vimea visivyoonekana kwa macho, ambavyo huwalisha kwa nguvu ya jua. Hutaka maji ya chumvi, yenye joto na safi, na kitu kigumu cha kushikamana nacho. Chuma cha meli huwafaa kama mwamba. Ziwa letu la Victoria lina joto la kutosha, lakini halina chumvi, kwa hiyo meli zilizozama humo hubaki uchi.

Katika bandari hiyohiyo ya Unguja kuna mabaki mengine, ya manowari ya Kiingereza iitwayo Pegasus. Tarehe 20 Septemba 1914 ilikuwa imetia nanga ikitengenezwa mitambo, Königsberg ya Wajerumani ikaitokea alfajiri na kuipiga mizinga. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa, na baadhi yao wamezikwa katika kisiwa kidogo cha Chapwani. Mwaka 1955 mabaki hayo yaliuzwa kuwa vyuma chakavu, lakini si yote yaliyoondolewa.

Pegasus imelala karibu mita 40 chini, na hapo ndipo penye hatari. Kila mita 10 za maji huongeza uzito sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Kwa hiyo mita 40 mzamiaji hubanwa mara tano kuliko nchi kavu. Hewa avutayo mtungini humwingia damuni kwa wingi. Akipanda polepole hutoka bila madhara. Akipanda kwa haraka, hufanya mapovu mwilini mithili ya soda iliyofunguliwa ghafla, na mapovu hayo huweza kuua au kupooza miguu. Akiizuia pumzi wakati wa kupanda, mapafu huweza kupasuka.

Watalii hufundishwa haya kabla ya kutia mguu majini. Mvuvi wa majongoo bahari, mara nyingi, hukabidhiwa mtungi tu. Pwani wapo vijana waliorudi kwa mama zao wakibebwa. Mzazi ambaye mwanawe amempigia simu kusema amepata kazi ya kuzamia, na amwulize: nani amekufundisha, mnashuka mita ngapi, na mara ngapi kwa siku? Mshahara uje baadaye.

Je, inafaa kutalii mahali walipofia watu? Kwa maoni yetu, kutazama si kosa. Kosa ni kuchukua kitu na kwenda kukiuza.

Swali hilo si la Waingereza peke yao. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, walikufa watu zaidi ya 800, na wazamiaji walifanya kazi ya kuwatoa maiti ili wazikwe. Wengi wamelala Igoma. Lakini Spice Islander, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, ilishuka mahali penye kina kirefu na mkondo mkali. Wazamiaji walikuja kutoka Afrika Kusini, wakashindwa kuifikia. Wengi waliokuwamo wangali humo hadi leo, na jamaa zao waliwaswalia bila ya kuwa na jeneza mbele yao.